Ukinitajia Rangi Uipendayo, Sijakujua Bado

Kila baada ya muda hurudi katika vikundi vya WhatsApp jaribio linalomtaka mtu achague rangi moja kisha asomewe tabia zake. Aliyechagua bluu huambiwa ni mtulivu na mwaminifu. Aliyechagua nyekundu ana hasira za haraka na mapenzi mazito. Aliyechagua nyeusi anaficha jambo. Na aliyechagua zambarau, kwa sababu ambazo sijawahi kuelezwa, huwa ni mtu wa ndoto siku zote. Watu wazima wenye vyeo na shahada hujibu kwa furaha kwamba wamesemwa kweli tupu. Sina ugomvi na mchezo wa jioni. Mashaka yangu huanza pale mchezo unapovaa joho la elimu, mshauri wa ndoa anapowapima wachumba kwa rangi ya mapazia waliyoyachagua, au bosi anapoamini kwamba amekwisha kumfahamu mfanyakazi mpya kwa kulitazama shati lake.

Majaribio haya yana asili inayojulikana. Mwaka 1947 mwanasaikolojia wa Uswisi, Max Lüscher, alitoa jaribio la rangi ambalo toleo lake fupi humpa mtu kadi nane, azipange kuanzia ile inayompendeza zaidi hadi ile asiyotaka hata kuiona: bluu iliyokolea, kijani, nyekundu, njano, zambarau, kahawia, nyeusi na kijivu. Lüscher aliamini kwamba kila rangi ina maana moja kwa wanadamu wote, na kwamba kinachotofautiana ni jinsi kila mtu anavyoipokea maana hiyo. Hoja yake aliianzia mbali sana: bluu iliyokolea ni usiku, wakati ambapo binadamu wa kale alilazimika kutulia, njano ni mchana, wakati wa kutoka na kutafuta. Ni hoja yenye mvuto, na nadhani mvuto huo ndio ulioifikisha kwenye simu zetu, ingawa watafiti waliojaribu kulinganisha majibu ya kadi hizo na vipimo vingine vya tabia hawakuupata ulinganifu ambao Lüscher aliuahidi.

Kwa nini basi watu husema wamesemwa kweli? Jibu lilipatikana zamani, na halikuhusu rangi hata kidogo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, na baada ya wiki moja akamkabidhi kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa ni yake mwenyewe. Aliwaomba wayapime kwa alama kuanzia 0 hadi 5 kadiri yalivyowaelezea kwa usahihi, na wastani ukawa 4.26. Maelezo yale yalikuwa ni yale yale kwa darasa zima, na mengi yalichotwa katika kitabu cha unajimu kilichokuwa kikiuzwa kwenye vibanda vya magazeti. Yalisema mambo kama kwamba unapenda watu wakukubali lakini wewe mwenyewe hujikosoa sana, na kwamba una uwezo ambao bado hujautumia. Ni nani asiyejiona humo? Mganga wa kando ya barabara anayemwambia mteja kwamba katika ukoo wake kuna mtu anayemwonea wivu anaifahamu kazi hii vizuri, na hahitaji kadi za rangi.

Hata hivyo, itakuwa ni kukosa haki kumalizia hapo na kusema kwamba rangi tunazozipenda hazisemi lolote. Zinasema, ila habari zake ni tofauti na zile tunazoahidiwa. Maelezo yaliyonishawishi zaidi ni ya watafiti wawili wa Marekani, Stephen Palmer na Karen Schloss, waliyoyachapisha mwaka 2010. Wazo lao ni kwamba mtu huipenda rangi kwa kadiri anavyovipenda vitu alivyokutana navyo vikiwa na rangi hiyo. Bluu hupendwa na wengi kwa sababu wengi wamekutana nayo katika anga safi na maji safi. Njano iliyoingia giza, ile inayokaribia rangi ya matope, huchukiwa kwa sababu imekaa na chakula kilichooza na matapishi. Waliwaomba kundi moja la watu wataje vitu vya kila rangi, kundi la pili likaeleza linavipenda vitu hivyo kiasi gani, kisha wakalinganisha na rangi zilizopendwa na kundi la tatu, nayo majibu yakafuatana kwa karibu sana. Baadaye waliwachunguza wanafunzi wa vyuo vikuu viwili hasimu vya California, Berkeley na Stanford, wakakuta kwamba kadiri mwanafunzi alivyokipenda chuo chake ndivyo alivyozipenda rangi za chuo hicho. Hakuna anayeweza kusema kwamba wapole walijiunga na chuo cha bluu na wakali wakajiunga na chuo chekundu. Rangi iliwakuta hapo walipo, ikabeba yaliyowapata.

Ukilichukua wazo hilo ukatembea nalo Uganda, mambo mengi hufunguka. Tuanze na njano. Kwa watoto wengi wa nchi hii, njano si jua wala ua, ni jerikeni. Ni ile ya lita 20 iliyoingia nyumbani ikiwa na mafuta ya kupikia, kisha ikaishi miaka mingi zaidi ikibeba maji, kifuniko chake kikapotea na mahali pake pakachomekwa ndizi mbichi au kipande cha kiazi. Ni foleni ya kisimani kabla ya shule, ni kiganja chenye alama ya mpini, ni shati lililolowa upande mmoja. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kampala, na niliwahi kuwapa wanafunzi insha kuhusu rangi wasiyoipenda. Msichana mmoja aliandika kuhusu njano, na kurasa zake zote zilikuwa za bonde lenye chemchemi na mlima wa kupanda ukirudi. Kadi za Lüscher zingemwambia kwamba anayeikataa njano ni mtu aliyevunjika moyo katika matumaini yake. Msichana yule alikuwa na matumaini mengi, tena makubwa. Alichokuwa amechoka nacho ni kuteka maji.

Lakini njano hiyo hiyo, ukishuka mjini, ni vibanda vya pesa za simu vya MTN vilivyopakwa kuanzia ukuta hadi mwavuli, na kwa kijana anayekaa ndani ya kibanda hicho ni mshahara. Ni jezi ya timu ya soka ya KCCA, kwa hiyo kwa baadhi yetu ni furaha na kwa mashabiki wa Express, watu wa nyekundu, ni uchungu wa Jumamosi. Ni bogoya, ndizi tamu, iliyoiva. Ni ukanda katika bendera iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, ambamo inasimama kwa ajili ya jua letu. Na ni chama kinachotawala. Mtu anaposema anaipenda njano, au haipendi, ni ipi kati ya hizi anayoizungumzia? Huenda yeye mwenyewe hajui, kwa sababu zote zimechanganyika ndani yake na kuwa hisia moja ambayo huiita ladha yake.

Hata jua lenyewe halipokelewi kwa namna moja. Watafiti wakiongozwa na Domicele Jonauskaite waliwauliza watu wa nchi 55 ni hisia gani wanazozihusisha na njano, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 yalionyesha kwamba huko Ufini asilimia 87.7 waliihusisha na furaha, ilhali Misri walikuwa asilimia 5.7 tu. Kadiri nchi ilivyokuwa mbali na ikweta, na kadiri mvua ilivyozidi, ndivyo njano ilivyozidi kuwa rangi ya furaha. Sisi ambao ikweta inatukatiza pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, ambako wasafiri husimama kupiga picha, tuna mvua nyingi na jua jingi kwa pamoja. Natamani mtu aje atuulize swali hilo vizuri. Watafiti hao hao, mwaka uliofuata, walionyesha kwamba katika nchi 30 mambo mengi yanafanana, kwa mfano nyekundu huhusishwa na mapenzi karibu kila mahali, lakini watu walio jirani kwa lugha na kwa ardhi hufanana zaidi. Nako Namibia, watu wa jamii ya Wahimba walipopimwa hawakuipendelea bluu kama wanavyofanya watu wa Ulaya. Wazo la Lüscher la maana moja kwa wote halikuambulia kitu hapo.

Nimeitaja siasa, na siwezi kuipita haraka, kwa sababu hakuna mahali ambapo Waganda husomana kwa rangi kama kwenye siasa. Njano ni NRM, chama kinachotawala, bluu ni FDC na nyekundu ni NUP, vyama vya upinzani. Mwezi Septemba 2019 serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba bereti nyekundu, ambazo zilikuwa alama ya wafuasi wa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, ni vazi la jeshi lisiloruhusiwa kwa raia. Tangu hapo, mtu anayefungua kabati lake wakati wa kampeni hawazi tu kuhusu kupendeza. Namfahamu mama mmoja mfanyabiashara ambaye kampeni zinapoanza huziweka kando blauzi zake nyekundu na zile za njano pia, akavaa kijani na kahawia hadi matokeo yatangazwe. Anayemwona katika miezi hiyo anaweza kudhani ni mtu wa rangi za udongo, mnyenyekevu, asiyependa kuonekana. Yeye ni mwenye kelele kuliko soko zima. Anachokilinda ni biashara yake.

Upande wa pili wa jambo hilo uko shambani. Pita kijiji chochote baada ya uchaguzi utaona watu wakilima wakiwa wamevaa fulana za njano zenye picha ya mgombea, na mwaka mzima fulana hizo zitaendelea kulima. Mgeni atahesabu wafuasi. Mwenyeji anajua kwamba fulana ilitolewa bure, ni nguo nzima, na jembe halina chama. Palmer na Schloss waliwapima wapiga kura wa Marekani wakati wa chaguzi za mwaka 2010 na 2012, wakaona kwamba siku za kawaida wafuasi wa vyama viwili vikuu hawakutofautiana katika kuipenda nyekundu, lakini siku ya uchaguzi kila upande ulisogea kuelekea rangi ya chama chake. Kupenda rangi, basi, kunaweza kubadilika kwa kubadilika kwa tarehe, na anayetaka kuisoma nafsi kwa njia hiyo itambidi kwanza aulize leo ni siku gani.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya saikolojia ya rangi, vilivyoandikwa na watu wenye maduka ya kuchagulia, hulipita kimya: mtu hachagui kati ya rangi zote, huchagua kati ya zilizopo. Wengi wetu huvaa nguo za mivumba, yaani mitumba. Katika soko la Owino rangi ya shati lako imekwisha kuamuliwa na mtu wa Ulaya au Marekani aliyelichoka, pamoja na mfanyabiashara aliyelifungua robota asubuhi ile, kabla wewe hujafika na mapendeleo yako. Utaipenda bluu ya bahari kwa moyo wako wote, lakini ukikuta kijani kinakukaa vizuri mabegani na bei inazungumzika, utarudi nyumbani na kijani. Kisha yupo hakimu mwingine, udongo mwekundu wa maramu. Anayesafiri kwa bodaboda kila siku wakati wa kiangazi hajiulizi kama nyeupe inaonyesha usafi wa roho yake. Anajua kwamba ifikapo saa tatu asubuhi shati lake litakuwa na rangi ya barabara, na kwamba sabuni ni pesa. Ukiona mtu mwenye suruali nyeupe isiyo na doa hapa mjini, yumkini umejifunza kwamba ana gari, au ana mtu wa kumfulia. Hiyo ni habari, tena muhimu, ingawa haihusu undani wa tabia yake.

Nimekulia Bombo, katika nyumba ya Wanubi, ambako rangi haziogopwi. Mama alisuka vikapu na makawa ya ukili uliotiwa rangi: zambarau kando ya chungwa, kijani kando ya waridi, katika miduara iliyoonekana kuzunguka ukiitazama sana. Marafiki zangu wa chuo waliowahi kuviona walisema vinaonyesha watu wenye uchangamfu, na sikuwapinga, kwani uchangamfu haukukosekana. Lakini nilikuwa nikitumwa dukani kununua rangi hizo za unga, na najua kwamba mpango wa kikapu ulianza na kile alichokuwa nacho mwenye duka wiki hiyo. Wakati waridi ilipokosekana, vikapu vyote vya mtaa vilikosa waridi. Uamuzi wa Mama ulikuwa katika mpangilio, ni rangi gani ikae karibu na ipi na kwa upana gani, na hapo kweli alikuwa na mkono wake; majirani walivitambua vikapu vyake kutoka mbali. Kama kuna mahali ambapo rangi humfichua mtu, naona ni hapo, katika ujirani wa rangi anaoupanga mwenyewe akiwa amekwisha kubanwa na hali, kuliko katika jina la rangi moja anayoitaja akiulizwa.

Kahawia nayo inastahili neno. Kwa Lüscher ni rangi ya mwili na mahitaji yake ya starehe. Katika Buganda kahawia ya udongo ni ya olubugo, nguo inayotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za wanadamu. Olubugo huonekana wakati Kabaka, mfalme wa Buganda, anapotawazwa, na huonekana tena wakati wa mazishi. Na olubugo la wafalme na machifu hutiwa nyeupe au nyeusi ili kuonyesha hadhi. Kwa hiyo mzee anayeitazama kahawia hiyo anaweza kuona enzi na msiba katika mtazamo mmoja. Sijui jaribio lenye kadi moja ya kahawia lingemwekea alama gani.

Je, hakuna kabisa mlango kutoka kwenye rangi kuingia moyoni? Upo mmoja, na nadhani watu huukosa kwa kubisha hodi pasipo pake. Mwaka 2010 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha kazi waliyoifanya kwa gurudumu la rangi, wakiwalinganisha watu wenye afya na watu wenye wasiwasi uliozidi na wenye sonona. Waliwauliza maswali matatu tofauti: ni rangi gani unayoipenda, ni rangi gani inayokuvuta sasa, na ni rangi gani iliyo sawa na hali yako ya moyo. Kwenye swali la kwanza makundi yote yaliangukia bluu. Ugonjwa haukubadilisha kitu. Kwenye swali la tatu yakaachana waziwazi: wenye afya wengi walichagua njano, na wenye wasiwasi na sonona wakachagua kijivu. Mwaka huo huo watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu mwenye sonona huitikia kwa udhaifu tofauti ya weusi na weupe, kiasi kwamba kusema dunia imefifia huenda kusiwe usemi tu. Inafaa kwenda polepole, hata hivyo. Mwaka 2015 utafiti mmoja uliodai kwamba huzuni hupunguza uwezo wa kuona bluu na njano ulisifiwa sana, kisha waandishi wake wenyewe wakauondoa mwaka huo huo baada ya kasoro kugunduliwa.

Ninalolipata katika kazi ya Manchester ni kwamba swali la mapenzi halifai kupimia hali ya mtu. Rangi uipendayo imejengwa kwa miaka, kwa sare za shule, kwa timu, kwa jerikeni na vibanda. Haitikisiki kwa sababu wiki hii umelala vibaya. Swali la hali humwomba mtu atumie rangi kama lugha, na mtu asiyekuwa na maneno ya kusema nimechoka na maisha anaweza kupata kijivu. Nimelijaribu kwa wanafunzi wangu wa kidato cha nne kabla ya mitihani, bila kuwatajia tabia zozote na bila kuwafasiria chochote. Huandika rangi ya siku yao na sentensi mbili za sababu. Rangi huzisoma haraka. Sentensi ndizo huzirudia.

Mzazi mmoja aliniletea michoro ya mwanawe wa darasa la tatu, yote kwa nyeusi, nyumba nyeusi, ng'ombe mweusi, jua jeusi, akitaka nimwambie maana yake kwa vile alikuwa amesoma mahali kwamba mtoto anayechora kwa nyeusi ana kovu moyoni. Nilimwomba anionyeshe kwanza kisanduku cha kalamu. Zilibaki tatu, nyeusi, kahawia iliyovunjika na nyeupe, ambayo kwenye karatasi nyeupe haina kazi. Nyingine zilikuwa zimechukuliwa na dada yake aliyehitaji kuchora ramani. Tulipoendelea kuzungumza akataja, kama jambo la pembeni, kwamba mtoto ameacha kucheza na wenzake tangu muhula uanze, na kwamba huamka usiku. Michoro nilimrudishia. Kuhusu usingizi na wenzake tulizungumza hadi kengele ya mchana, na wiki iliyofuata alimpeleka kwa mshauri wa watoto, akiwa amemnunulia pia kalamu mpya.